Jina Ndani ya Hina

"Vua bangili, binti. Hereni pia. Na hicho kitone cha kwenye paji la uso."

Mama wa mapokezi alisema kwa upole ule wa muuguzi anayeficha sindano mgongoni. Mbele yake kulikuwa na sinia la bati lililojaa mapambo ya wanawake waliotutangulia: mikufu ya ndoa, vipini, pete za vidole vya miguu. Sheria ya kambi ya Guruji, mwalimu wa tafakuri, ilikuwa moja kwa wote. Aliyeolewa na asiyeolewa, tajiri na mlalahoi, wote waingie ukumbini wakiwa sawa, bila dhahabu, bila wanja, bila hata ule unga mwekundu ambao mke huutia kwenye njia ya nywele zake.

Nikaanza kupambana na bangili. Zilikuwa nyekundu, za bibi harusi. Ziliingia kwa mafuta, kutoka zikagoma.

"Na mimi nivue nini?" Shangazi Bimla akauliza, mikono kiunoni. "Mjane wa miaka yote hii nimebakiwa na nini? Labda meno."

"Meno baki nayo, mama. Simu nitaziomba."

Yangu ilikuwa inalia wakati huohuo. Ilikuwa imelia tangu Saharanpur, njia nzima, na mimi nimeikalia. Shangazi akanitazama.

"Pokea," akasema. "Bora akutukane sasa yaishe."

Nikapokea.

"Malati, uko wapi?" Sauti ya Baba ilikuwa chini sana. Heri angepiga kelele.

"Baba, nisamehe."

"Sijauliza msamaha. Nimeuliza uko wapi. Wageni wamejaa uani, wapishi wameinjika, bwana harusi yuko kwenye treni anakuja. Nikamwambie nini baba yake?"

"Mwambie sipo."

Nyuma yake nilisikia ngoma ya wanawake, bado wanaimba, hakuna aliyewaambia waache.

"Basi usiwepo," akasema. "Usiwepo kabisa. Ukikanyaga kizingiti changu utakuta tumeshakaa matanga yako na tumeshayaanua."

Simu ikakatika. Nikampa mama wa mapokezi, akaifunga kwenye kitambaa kama mtu anayefunga kitumbua. Kisha macho yake yakashuka kwenye mikono yangu.

"Na hiyo?"

"Hina haivuliki, mama."

"Naona." Akatabasamu. "Imeanza kukolea. Hongera sana, binti yangu."

Nilifungua mdomo nimwambie si hivyo anavyofikiri, kengele ikagongwa. Mama akaweka kidole midomoni. Kimya kilikuwa kimeanza, na kisingefunguliwa mpaka asubuhi ya mwisho ya kambi.

*

Sasa ngoja niseme hina ile ilivyokuja, maana ndiyo iliyonimaliza.

Nilimpenda Girish miaka mitatu. Alikuwa fundi wa harmoniamu, kinanda cha kusukuma upepo kwa mkono, kibanda chake nyuma ya soko la mbao, na nilimjua siku nilipopeleka ya marehemu bibi yangu iliyoacha kutoa sauti. Akaifungua, akatoa humo ndani mende mkubwa, akasema, "Mwimbaji wenu huyu hapa." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kuanzia siku hiyo harmoniamu ya bibi ikawa mgonjwa wa kudumu, kila wiki ina tatizo jipya.

Baba alipojua, alisema neno moja tu: "Mwanangu mimi aolewe na mtu anayeziba matundu ya upepo?" Akapata mwingine, mhandisi wa Pune, mwenye kiwanja na mama mpole. Nikakataa. Baba akashikwa na maradhi ya moyo, akalazwa. Nikakubali. Girish aliniambia siku ya mwisho, "Malati, niambie neno moja tu nije nikuchukue." Sikumwambia. Akafunga kibanda akaenda Rishikesh, kwenye ashramu ya Guruji, makao ya watawa, na mdogo wake akasema huko analima bustani na kupiga harmoniamu wakati wa sala, na kwamba haonyeshi dalili ya kurudi.

Ikafika siku ya hina. Kwetu fundi wa hina huficha jina la bwana harusi ndani ya maua, na usiku wa harusi bwana hulitafuta kiganjani kwa mkewe mpaka alione. Fundi akanishika mkono wa kushoto, akauliza, "Jina la bwana?" Wanawake wote wakanyamaza wakichekacheka kunisikia ninavyoona haya.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Girish."

Naapa sikupanga. Fundi hakuwa mtu wa mtaa wetu, akaandika. Shangazi Bimla peke yake ndiye aliyesikia vizuri, na ngoma ikaanza tena. Aliniinamia, nikadhani atanizaba kibao.

"Unalitaka kweli hilo jina?" akanong'ona.

"Shangazi, nitakufa."

"Hutakufa. Mimi nilidhani nitakufa, nikaishi na yule mwenye nyumba miaka arobaini. Hiyo ni mbaya zaidi." Yule mwenye nyumba alikuwa mumewe. Sijawahi kulisikia jina lake kinywani mwa Shangazi. Wanawake wa kwetu, wa zamani, hawataji jina la mume, akiwa hai wala maiti. "Inuka. Sema unakwenda chooni."

Tukatokea mlango wa nyuma, hina bado mbichi, mimi nimeinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Ndani ya basi nikasahau nikashika kiti, ua moja la mkono wa kulia likafutika. Jina lilibaki zima.

*

Ukumbi wa tafakuri ulitazama mto Ganga. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, katikati njia ya kupita Guruji. Nilikaa kwenye mkeka wangu, miguu nimeikunja. Nilikuwa nimekwishapanga kila kitu. Ataniona, atajua nimemfuata. Kimya kikiisha nitamwambia, na tutaondoka wote kwa miguu tukiwa tumeshikana mikono, watu waseme watakavyo.

Akaingia na harmoniamu begani.

Alikuwa amekonda. Ndevu zimemkua, shati jeupe limemlegea mabegani, lakini mwendo ulikuwa uleule wa mtu anayeogopa kukanyaga kitu cha mtu. Akaketi, akavuta pumzi, akainua macho. Akaniona.

Jamani, uso ule! Kama kuna mtu amewahi kuangaliwa hivyo hata mara moja maishani, basi asilalamike tena juu ya kitu chochote. Nami nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja bila kutoa sauti.

Guruji akaingia. Wote tukainua mikono, viganja vimekutana kifuani, kumwamkia. Mikono ya nguo yangu ikateleza hadi kwenye viwiko, na hina ya bibi harusi, nyeusi tii, maua na tausi na vitanzi, ikaonekana yote.

Uso wa Girish ukafunga. Sina neno lingine. Ulifunga kama duka. Akatazama mikono yangu kwa muda, akainamisha kichwa kunipa heshima, heshima ile anayopewa mke wa mtu, kisha akafumba macho. Nilitaka kugeuza kiganja nimwonyeshe, lakini alikuwa haoni tena.

Alasiri, chumbani, Shangazi alivunja nadhiri ya kimya bila hata kufikiria.

"Kakuona?" akanong'ona.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kisha? Sema, wee! Hapa hakuna mtu."

"Kaangalia mikono."

Shangazi akashika mdomo. "Mungu wangu. Anadhani umeshaolewa."

"Sina mkufu, Shangazi. Sina unga kichwani. Haoni?"

"Nani hapa ana mkufu? Wametuvua wote tumebaki kama kuku wa supu! Anadhani umekuja na mumeo, au umekuja kuombewa mtoto." Akaketi kitandani, kitanda kikalia. "Mwendee ukamwambie. Nenda sasa hivi."

"Nikisema neno tu nje, wananitoa getini. Na wakijua nimemfuata mwanaume, hawanifungulii tena. Hata yeye watamfukuza."

"Basi mwonyeshe hilo jina!"

Nilijaribu. Mungu ni shahidi nilijaribu. Girish ndiye aliyekuwa akigawa chakula upande wetu, na mstari uliponifikia nikanyoosha sahani kwa mkono wa kulia na kiganja cha kushoto nikakiweka wazi pembeni yake, karibu kabisa na ndoo ya mseto. Akapakua bila kutazama. Nikarudi mara ya pili, mimi nisiyependa mseto. Akapakua tena, macho kwenye ndoo. Mara ya tatu mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma kiuno, akidhani mimi mlafi.

Alfajiri tulinyoosha migongo, tukapinda, tukasimama kwa mguu mmoja tukitazama mto. Shangazi aliambiwa afumbe macho asikilize pumzi yake, akasikiliza hadi akakoroma. Mimi nilifumba macho nikasikiliza harmoniamu. Girish alikuwa akipiga polepole, bila maneno, na katika siku zile za mwanzo nilisikia kabisa kwamba mpigaji analia. Mkono wake ulikuwa unachelewa kwenye pampu. Nikawa najipa moyo. Nikasema, lia tu mpenzi wangu, bado kidogo, utacheka.

Kisha siku moja mkono haukuchelewa tena. Muziki ukatoka laini, umetulia, mpaka Shangazi akaacha kukoroma. Nilidhani ameizoea pampu. Ndivyo nilivyojiambia.

*

Kila mtu alipewa nafasi moja ya kuzungumza na Guruji, kwa sauti, ana kwa ana. Nilitegemea jitu la kutisha. Nikakuta mzee mdogo mwenye mafua, amejifunika blanketi, anamenya karanga.

"Kaa, kaa. Unalia nini?"

"Magoti yananiuma, Guruji."

"Magoti hayatoi machozi mengi hivyo." Akapiga chafya, akanisogezea karanga. "Kula. Umegombana na nani?"

"Na baba yangu."

"Vizuri. Mimi wa kwangu tuligombana mpaka akafa. Na nani tena?"

Akaendelea kumenya, hana haraka.

"Guruji, kuna neno nataka kumwambia mtu."

"Yuko hapa ndani?"

"Yuko."

"Mwanaume?"

Nikaangalia chini. Akacheka hadi blanketi likamwanguka.

"Unadhani wewe wa kwanza? Kila kambi hapa kuna mtu amemfuata mtu. Neno lenyewe likikaa kidogo litaoza?"

"Halitaoza. Limekaa miaka."

"Basi likae. Kimya kikifunguliwa utalisema, na huenda litakuwa limepungua urefu." Akafuta pua. Kisha akaniangalia vizuri, kwa mara ya kwanza bila mzaha. "Ila niambie ni nani. Wengine hapa wana mambo yao, pengine nijue."

Hapo ndipo nilipopaswa kulitaja. Msichana niliyesoma chuo, niliyewacheka wanawake wa mtaani wanaomwita mume "baba wa mtoto" na "yule bwana", nilifungua kinywa kulitaja jina na likakataa kutoka. Tangu siku ya hina nilikuwa nimelivaa mwilini. Moyoni mwangu yule alikuwa mume wangu tayari, na malezi ya Shangazi Bimla yakanipanda kooni bila kunibishia hodi. Nikainama, nikakunja kiganja.

"Nitamwambia mwenyewe, Guruji."

"Haya," akasema. "Haya, binti. Chukua karanga za mama yako pia."

"Ni shangazi yangu."

"Yule anayekoroma? Mchukulie nyingi."

Nikatoka nimefarijika! Nilitembea ukumbi mzima na karanga mkononi kama mtu aliyebarikiwa.

*

Asubuhi ya mwisho tulishushwa wote kwenye ngazi za mto. Kila mwanamke akapewa chungu kidogo cha wali mkononi, tukapangwa mstari. Nikadhani ni kifungua kinywa cha kuagana. Baridi ilikuwa inakata. Shangazi alinikonyeza: bado kidogo.

Guruji akapanda kwenye jiwe. Yeye peke yake aliruhusiwa kusema.

"Leo wanangu wachache wanaaga dunia ya nyumbani wawe watawa," akasema. "Wamenyolewa, wamezama mtoni, wamejisomea dua zao za maiti. Limebaki jambo moja. Kila mmoja ataomba sadaka yake ya kwanza kwa mwanamke mmoja, anayemchagua mwenyewe, na atamwita mama. Akipewa, imekwisha. Nitampa jina jipya, na kila mwanamke duniani ni mama yake mpaka anakufa. Lakini mwanamke ana haki ya kukataa. Akikataa, mtoto anavaa shati lake anarudi nyumbani, na mtu asimlaumu yeyote."

Wakapanda kutoka majini, vichwa vimenyolewa, vinang'aa, wamejifunga nguo za rangi ya machungwa. Niliwaangalia kwa huruma tu, kama mtu anayeangalia msiba wa jirani. Wa tatu alikuwa anatembea kama anayeogopa kukanyaga kitu cha mtu.

Nikakikumbatia chungu kifuani. Shangazi akanishika kiuno.

Alipita wanawake wote. Alipita wazee waliokuwa wakimtazama kwa matumaini, kila mmoja akitaka awe yeye. Akaja akasimama mbele yangu, maji yanamchuruzika shingoni, akanyoosha bakuli.

"Mama," Girish akaniambia, "nipe sadaka."

Sauti ilikuwa ileile. Ile iliyosema mwimbaji wenu huyu hapa.

Sikumpa. Nilihamishia chungu mkono wa kulia, nikafungua kiganja cha kushoto, nikakiweka juu ya bakuli lake, chini ya macho yake, mahali ambapo hawezi kukosa kuona. Siku zote zile hina ilikuwa imekolea. Maua, vitanzi, shina la jani, na ndani ya jani herufi za jina lake, moja moja.

Aliona. Nilimwona akitafuta kwa sababu alijua desturi. Macho yake yakafuata shina, yakafika kwenye jani, yakasimama. Midomo ikalisoma bila sauti. Rangi ikamtoka usoni. Akainua macho akanitazama, na yote yakawa wazi baina yetu, kwamba sijaolewa, kwamba nimekimbia, kwamba nimemfuata, na kwamba siku zote zile nilikuwa wake nimekaa hatua chache kutoka alipo.

Nikangoja bakuli lishuke.

Halikushuka. Machozi yalimtoka, yakapita kwenye ndevu zilizokuwapo jana na leo hazipo, lakini bakuli lilibaki palepale limenyooshwa.

"Kataa!" Shangazi akanong'ona, na mnong'ono wa Shangazi unasikika ng'ambo ya mto. "Malati, kataa! Mwambie hapana!"

Vichwa vyote vikageuka. Guruji hakumkemea. Alikuwa ananitazama mimi, kisha kiganja changu, kisha Girish, na nikaona uzee wake wote umemshukia usoni. Amelijua jina sasa. Haki ilikuwa yangu.

Ningeweza kukataa. Neno moja tu. Angevaa shati lake, tungepanda basi, ningempata. Ningemweka sebuleni kwangu, nimpikie, nimzalie, na kila asubuhi ningemwona ametega sikio mahali pengine. Nilimtazama tena, nikamwombea macho yake yayumbe hata kidogo. Angelishusha bakuli kwa upana wa kidole, ningekivunja kile chungu mbele ya kadamnasi.

Nikamwagia wali. Wote. Punje zilizobaki nikazikomba kwa vidole.

Nyuma yangu Shangazi Bimla akaanza kulia kwa sauti, kama kwenye msiba hasa.

*

Kimya kilipofunguliwa watu wakacheka, wakakumbatiana, wakaulizana majina. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya chini, miguu majini. Akaja akakaa ngazi ya juu yangu, mbali kidogo, ilivyo adabu ya nguo zile.

"Nikuite nani sasa?" nikauliza bila kugeuka.

Akanitajia jina lake jipya. Lilikuwa refu na zuri, na sikulihifadhi.

"Nilidhani umeolewa," akasema.

"Ulipaswa kuuliza."

"Tulikuwa kwenye kimya."

"Macho yalikuwepo! Nimekula mseto sahani ngapi ili uangalie mkono wangu? Mimi!"

Akacheka kidogo, kicheko kikamkatikia njiani. "Niliyafumba makusudi. Niliogopa nikiangalia nitapiga kelele. Siku ya kwanza nililia mpaka nikatapika. Nikasema sasa basi, yamekwisha, hana mimi tena, sina yeye. Nikalia hivyo kila siku. Halafu asubuhi moja nikaamka nikagundua nimelala usingizi mzito. Malati, sijalala hivyo tangu nikujue. Nikaketi kwenye harmoniamu, na mkono ukaenda wenyewe."

"Niliusikia," nikasema. "Nilidhani umeizoea pampu."

"Ndiyo siku niliyokwenda kwa Guruji kumwomba."

"Kwa sababu ya uongo! Ulichokiacha hakikuwa kimekwisha, Girish. Nilikuwa pale!"

"Ndiyo. Ulikuwa uongo." Alisema taratibu, kama anayepapasa njia gizani. "Lakini usingizi ulikuwa wa kweli."

Nikageuka. Sikujali adabu ya nguo.

"Nimemkimbia baba yangu. Nimeacha harusi inaliwa na wageni. Sina mlango wa kurudi. Uliliona jina?"

"Nililiona."

"Ulilisoma?"

"Nililisoma lote."

"Na bado ukaniita mama."

"Na bado."

Maji yalikuwa yanapita miguuni pangu kwa kasi, baridi kama chuma. Niliuliza lile swali ambalo mwanamke mwenye akili haliulizi.

"Umeacha kunipenda?"

"Hapana," akasema. Alikuwa analia tena, bila kujificha. "Sijaacha. Ila kukupenda hakuniumi tena."

"Mimi kunaniuma."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, usingekaa hapo umetulia hivyo. Mbona hukuniacha nikuchukie? Ungeniambia hunipendi, ningepanda basi nimekasirika, ningefika."

Kutoka juu wakamwita kwa jina lile refu. Akasita, kisha akalikumbuka kwamba ni lake, akainuka.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda, mwanangu."

Lile neno lilimpiga. Nilitaka limpige, nami nikaona limempiga, bega lake likashtuka. Nikadhani nitasikia raha. Akainama akagusa ngazi niliyokalia, mahali ambapo mtoto angegusa miguu ya mamaye, akapanda juu. Mwendo wake ulikuwa uleule.

*

Kwenye basi la kurudi Shangazi alinunua ndimu, akazikata kwa meno, akaanza kunisugua kiganja.

"Itatoka," akasema. "Ndimu na chumvi. Kama haitoki, dawa ya meno. Utakaa kwangu, baba yako ni kaka yangu, namjua, atafoka na kisha atakuja kula. Leta mkono."

"Acha, Shangazi."

"Leta mkono, nimesema!"

"Inawasha. Acha."

Akaacha. Akatupa maganda dirishani, akajifuta machozi kwa ncha ya sari, akanitazama kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyemwoza kwa yule mwenye nyumba.

Roorkee akapanda bibi mmoja na kapu la mapera, akakaa kiti cha mbele yetu, akageuka kunisalimu. Macho yake yakaanguka mikononi mwangu, uso wote ukachanua.

"Loo, bibi harusi! Hebu nione." Akanishika vidole bila kuomba ruhusa. "Imekolea hii! Hina ikikolea hivi, mume anakupenda kupita kiasi. Yangu ilitoka rangi ya chai ya maziwa, na kweli nikapata mume wa namna hiyo." Akacheka peke yake. "Ni wa wapi bwana? Anaitwa nani?"

Nikamtazama. Nilifungua mdomo, na kama kule kwa Guruji, hakuna kilichotoka.

Bibi akasubiri. Kisha akatikisa kichwa polepole, ameridhika, akamgeukia Shangazi Bimla.

"Mmemlea vizuri," akasema. "Siku hizi wanawataja waume zao ovyo kama wachuuzi. Huyu ana adabu."

Shangazi alinishika mkono wa kushoto, akakunja vidole vyangu kimoja kimoja mpaka kiganja kikafunga, akaushikilia hivyo hadi Saharanpur.